Aztek Kando ya Mapipa

Pontiac, Michigan
2 Mei 2009

Kaka Hosea,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Odessa. Huku tu wazima, ukiacha magoti, na hayo tumeshayazoea kama mpangaji asiyehama. Theluji imetuacha juzi juzi tu. Binti yangu Twyla amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama cha marehemu baba. Shemasi Gaddy bado anaimba besi kanisani, na bado hajui wimbo umeanzia wapi.

Nakuandikia kwa sababu simu sikupigii, na unajua kwa nini. Mtu anayesimama kwenye mazishi ya mama yake akawatangazia waombolezaji, "Mama hasindikizwi kaburini na friji lililogongwa na lori," kisha gari langu, Aztek, likapelekwa mkiani mwa msafara, nyuma hata ya gari la maua, mtu huyo hapigiwi simu. Barua ni afadhali. Kwenye barua hutanikatiza.

Sasa jambo lenyewe. Bila shaka umesikia kwamba kampuni imetangaza kuwa magari ya Pontiac hayataundwa tena. Mji huu wenye jina hilo hilo umepoa kama nyumba iliyofiwa. Lonzo Crutcher, mwenyekiti wetu wa chama cha wamiliki wa Pontiac, alilia mgahawani hadi mhudumu akamletea pai ambayo hakuiagiza. Akaila, lakini alikuwa analia.

Basi chama kimeamua hivi: mwezi wa nane, Jumamosi ile magari ya zamani yanapojaa Barabara ya Woodward, sisi tutakusanyika kwenye uwanja wa kanisa letu, na kila mtu atasimama aitetee aina yake mbele ya wenzake. Ugomvi umeshaanza. Lonzo anasema hakuna gari juu ya Bonneville, kwa sababu ukiiendesha unafika ukiwa umeshalala usingizi wako wote. Juanelle Stokes anasema Firebird aliyoachiwa na mumewe ndiyo kitu pekee cha yule bwana ambacho hakijawahi kumdanganya. Shemasi Gaddy, na tumbo lile, anasema Fiero ndiyo gari la watu wenye akili. Haingii, anaivaa kama soksi, na kumtoa lazima tumvute watu wawili.

Wote wanakutaka wewe na ile GTO yako ya mbio. Wanasema mkutano bila GTO ya Hosea Pettway ni harusi bila bibi harusi. Na mimi, pamoja na yale ya mazishini, nakuomba. Njoo.

Dada yako,
Verlene


Mesa, Arizona
19 Mei 2009

Dada Verlene,

Barua yako imefika salama. Nilimsomea Odessa, akacheka mpaka nikamletea maji. Yeye hajambo, anapumzika. Huku joto limeanza kututukana, na bado ni Mei. Hongera kwa mjukuu. Kichwa kikubwa ni baraka, kofia haipeperuki.

Habari ya Pontiac imenikaa kifuani. Milango ya magari yale nimeifunga kiwandani tangu sina ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na hadi leo bega langu la kulia liko juu kuliko la kushoto. Wakifuta jina, nani atajua bega hili lilipandishwa na nini?

Kuhusu mazishi: nimefikiri sana, na naomba radhi. Friji halikunikosea kitu, sikupaswa kulilinganisha na gari lako.

Unasema nije na GTO. GTO ni GTO, Verlene. Safari ni ndefu, na gari kama lile halichoshwi ovyo njiani. Tutaona.

Kuna jambo dogo. Nina jirani hapa, mzee Eskridge, amejinunulia Aztek. Usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe nimemwombea. Kwa kuwa anajua nina dada mwenye balaa kama hilo, ananisumbua kwa maswali. Anauliza, ule mlango wa nyuma wa chini unashushwaje bila mtu kujibana vidole? Na lile sanduku la kupozea vinywaji katikati ya viti vya mbele, linatoka au limejengewa humo? Nijibu upesi. Si kwa ajili yangu.

Kaka yako,
Hosea


Pontiac, Michigan
4 Juni 2009

Kaka,

Salamu nyingi. Hapa mvua na mbu. Twyla amerudi kazini, mtoto nashinda naye mimi, na amenizoea kiasi kwamba mama yake akimchukua analia kama anaporwa.

Kabla sijafika mbali: wifi yangu ana nini? Kila barua yako tangu mhamie jangwani, yeye huandika nyuma ya karatasi, umbea upande mmoja na namna ya kupika kitu fulani upande wa pili. Safari hii nimegeuza karatasi mara mbili, peupe. Unasema "anapumzika". Odessa niliyemjua mimi hata usingizini alikuwa anafagia.

Mwambie jirani yako ashushe mlango wa chini kwa mikono miwili, avute na kuachia taratibu, asiwe na haraka kama wewe. Mlango ukishalala utaona umefinyangwa kama makalio mawili, pale watu wanakaa, na vikombe vina matundu yake pembeni. Ni sebule ile. Sanduku la vinywaji linatoka zima zima, unalibeba mpaka ulipokaa. Hebu niambie, GTO yako ina kitu gani cha kubeba mpaka ulipokaa? Kelele.

Tumeshagawiwa nafasi uwanjani. Wenye Firebird wako mbele, karibu na jukwaa, kisha Bonneville, kisha wale wenye Grand Am ambao hawaongei na mtu. Mimi nimepata nafasi nzuri tu. Ina upepo.

Lonzo ananiuliza kila Jumapili kama umejibu kuhusu GTO. Nimwambie nini?

Verlene


Mesa, Arizona
25 Juni 2009

Dada Verlene,

Salamu. Odessa anasema ahsante kwa kumuulizia, anapumzika. Lonzo mwambie GTO haijambo mahali ilipo.

Jirani amefurahi sana na majibu yako. Kwa kweli lile gari, ukiliondolea sura, lina mambo yake. Mkewe ana maumivu ya nyonga, kwenye gari lao la zamani alikuwa anashuka kama anayeingia kisimani, na kutoka ndiyo ilikuwa hadithi. Sasa anafungua mlango, anageuza mgongo, anakaa. Kiti kiko juu, sawa na kiti cha jikoni. Tulivyoenda naye dukani wiki iliyopita tulifura- wao walivyoenda dukani walifurahi sana. Samahani kwa wino, kalamu imeteleza.

Anauliza pia kuhusu hema, lile linalofungwa nyuma ya gari. Je, mtu mwenye nyonga mbovu anaweza kulala humo? Na godoro la upepo, linajazwa na nini? Anauliza tu. Wanafikiria safari ndefu kidogo, yeye na mkewe. Mimi nimemwambia avae kofia na miwani myeusi, asitambulike.

Wako,
Hosea


Pontiac, Michigan
6 Julai 2009

Kaka yangu mpenzi,

Unaona nimeandika mpenzi. Leo nina furaha ambayo sijui imetoka wapi.

Tulichoma mbavu juzi kwenye sikukuu ya uhuru. Twyla akatengeneza saladi ya viazi akasahau chumvi, tukala kwa imani.

Msalimie sana jirani yako Eskridge. Mwambie godoro linajazwa kwa pampu ndogo iliyomo humo humo garini, na mwenye nyonga mbovu alale ndani ya gari, si chini kwenye hema, miguu ielekee mlangoni, mto mmoja chini ya goti. Na huyo mkewe naomba jina lake la kwanza, nataka kumtia kwenye maombi ya Jumatano. Mungu anajua nyonga nyingi, tusimchanganye.

Mwambie pia kuna adabu ya wenye Aztek ambayo haimo kwenye kitabu cha gari. Wakikutana barabarani, aliyenunua karibuni ndiye huanza: anashusha kioo, anapiga mlango wake makofi mawili kwa nje, anapaza sauti, "Tupo!" Mwenzake anajibu, "Tupo!" Asipofanya hivyo ataonekana ana majivuno. Jirani yako ni mtu wa majivuno, kaka? Mimi nahisi ni mtu wa majivuno.

Mkutano unakaribia. Ukitaka kuja, njoo na chochote.

Dada yako anayekujua tangu unakojoa kitandani,
Verlene


Pontiac, Michigan
1 Agosti 2009

Kaka Hosea,

Nimekaa nikingojea barua, haikuja. Mtoto ameota jino. Mengine yote ni vile vile.

Labda nimekutania kupita kiasi. Kama ndivyo, basi nisamehe, nilidhani tunacheza wote.

Nina neno ambalo sikukuambia. Nafasi niliyopewa uwanjani yenye upepo iko kando ya mapipa ya taka ya kanisa, nyuma ya jiko. Upepo wenyewe ndio unaoleta harufu. Lonzo alisema, "Verlene, usichukie, ni kwa ajili ya picha. Watu wakija kutuaga, hatutaki hiyo ndiyo sura watakayokumbuka." Na wote walicheka, Hosea. Juanelle alicheka. Nimewapikia watu hawa misiba yao yote, na mbele ya gari langu wanacheka kama watoto.

Nililipenda gari hili siku ya kwanza. Sikulinunua kwa kukosa jingine. Lilikuwa limesimama peke yake pale dukani, la njano, wanunuzi wanapita wakinong'ona, nikasema hili na mimi tutaelewana. Tangu siku ile nimebeba ndani yake masufuria ya shule, viti vya kanisa, na mama yetu mara zote alizokwenda hospitali, hata ile ya mwisho. Wewe ulikuja kumzika. Mimi nilikuwa nampeleka na kumrudisha.

Sitakwenda Jumamosi hiyo. Sitaki unibembeleze. Nakujulisha tu, ili usije na GTO yako ukanitafuta.

Verlene


Tucumcari, New Mexico
Jumapili, 9 Agosti

Wifi yangu Verlene,

Ni mimi Odessa, naandika kwenye meza ya nyumba ya wageni, Hosea yuko nje anafuta wadudu kwenye kioo. Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama. Alipomaliza akatoka, akazunguka nyumba, akarudi akasema, "Fungasha." Sikumuuliza tunakwenda wapi.

Hakuna Eskridge. Yupo, lakini ana baiskeli.

Hosea aliiuza GTO kabla mama hajamaliza mwaka kaburini. Siku moja nilikwama mlangoni mwake, mguu mmoja ndani na mwingine nje, siwezi kwenda wala kurudi, nikalia kama mtoto mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani. Siku chache baadaye GTO haikuwepo, na mbele ya nyumba pamesimama kitu cha rangi ya chungwa chenye sura unayoijua. Nikafungua mlango. Nikageuka. Nikakaa. Hivyo tu, wifi. Nilikaa kama mtu.

Aliniapisha nisikwambie. Ndiyo maana nyuma ya karatasi palikuwa peupe, mimi uongo siuwezi kwenye nafasi ndogo.

Halafu, yale makofi mawili na "Tupo!" ni wewe uliyemfundisha? Jana alimkuta mwenye Aztek kwenye taa za barabarani. Akapiga mlango, akapiga kelele. Yule bwana alifunga vioo vyote akapita na taa nyekundu. Hosea akaniambia, "Huyo ana majivuno." Nilicheka mpaka nyonga ikakumbuka ipo.

Tutakuwa uwanjani Jumamosi. Usitukose.

Odessa


Mesa, Arizona
3 Septemba 2009

Dada Verlene,

Tumerudi salama. Odessa anakusalimu, na mjukuu mwenye kichwa chake mpe busu. Joto halijatusamehe. Ule mtungi wa pichi ulizotupatia umefunguliwa Missouri, haukuvuka mpaka.

Umeniuliza nilisema nini uwanjani kabla hujafika, kwa kuwa Lonzo anawatangazia watu kwamba nilisema Aztek inaishinda GTO. Lonzo ni mwongo tangu darasa la pili. Nakupa yaliyotokea, umwonyeshe.

Hatukujua kwamba barua ya Odessa ilikuwa bado inazunguka kwenye mifuko ya posta. Tulidhani utakuwepo, tukaenda uwanjani moja kwa moja. Lonzo alikuwa langoni na filimbi. Hakunitazama mimi, alitazama gari.

"Aztek kule nyuma, kwenye mapipa," akasema.

"Zote?"

"Ni moja tu, na mwenyewe kasusa." Ndipo akainama dirishani. "Hosea? Ee Mungu. Hosea, GTO iko wapi?"

"Imeolewa Tucson."

"Na hili?"

"Mke mdogo."

Odessa akaniuliza kwa upole, mbele yake, "Mke mdogo ni mimi au ni lenyewe?" Nikaendesha mpaka kwenye mapipa.

Nikaegesha pale pale pako, Verlene. Harufu ipo, hukutia chumvi. Lakini ukuta wa jiko una kivuli, na siku ile jua lilikuwa linawachoma wale wa mbele kama mahindi. Nikashusha mlango wa chini kwa mikono miwili, taratibu, kama ulivyoelekeza. Odessa akakaa, nikamtolea sanduku la vinywaji, nikamwekea juisi ya limau kwenye tundu la kikombe. Nikajiambia, wakicheka, wacheke nami nipo.

Walicheka. Shemasi Gaddy ndiye aliyeanza, akiwa bado ndani ya Fiero anangoja watu wa kumvuta. Kipaza sauti kikapigwa, wakaanza kutetea. Lonzo alitetea Bonneville mpaka watu wakalala, kwa hiyo nadhani alithibitisha. Katikati ya hapo Earlene, mkewe Gaddy, akaja na fimbo yake kumsalimia Odessa. Wakasimuliana magoti na nyonga, unajua wanavyosimuliana. Kisha akasema, "Hebu nikae kiti cha mbele, nione."

Akafungua mlango. Akageuka. Akakaa. Akaweka mikono mapajani. Halafu ikatoka sauti ambayo sikujua Earlene anayo:

"Purvis! Purvis Gaddy! Njoo uone binadamu anavyoingia garini!"

Uwanja mzima ulisikia. Juanelle akaja kutazama kuna nini, na yeye akataka kukaa. Akasema, "Marehemu aliniambia mgongo unauma kwa sababu ya uzee. Kumbe ni Firebird. Hata hiyo nayo ilinidanganya." Nyuma yake akaja mama Crutcher, mkewe Lonzo mwenyewe, na wale wa Grand Am wasioongea na mtu, wakaongea. Wanawake wakapanga foleni kando ya mapipa ya taka, kila mmoja na fimbo yake au goti lake. Mbele kule wakabaki waume, kila mwanamume na gari lake linalong'aa, hakuna wa kuwasikiliza.

Lonzo akapuliza filimbi. "Akina mama! Mkutano uko huku!"

Mkewe akajibu bila kugeuka, "Basi uhamishe."

Wakauhamisha. Walibeba kipaza sauti na meza ya keki mpaka kwenye mapipa, na Shemasi Gaddy akavutwa na watu watatu maana mmoja alikuwa anacheka. Hapo ndipo waliponipa zamu ya kusema. Maneno yangu ni haya, na Odessa ni shahidi:

"Sura yake siwezi kuitetea. Nimeitazama asubuhi, nimeitazama jioni, haibadiliki. Lakini mtu akiwa ndani haioni. Mnaoiona ni nyinyi mlio nje. Kwa hiyo shida ni yenu. Na nafasi hii iandikwe jina la dada yangu, maana hamjapata mahali pazuri kuliko hapa leo, na wenyewe mlimpa."

GTO sikuitaja. Ndipo ulipotokea na ndala zako, barua ya Odessa mkononi, unakimbia kama hujawahi kuwa na magoti. Mengine unayajua. Earlene alikataa kurudi nyumbani na Fiero, ukaifuata Aztek yako ukampeleka wewe.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike mapema. Nyonga ya Odessa itabadilishwa mwezi ujao, wamempangia tarehe kumi na tatu. Daktari anasema ni jambo la kawaida siku hizi, wanalifanya kama sisi tulivyokuwa tunafunga milango. Nilimwambia milango mingine tulikuwa tunaifunga mara mbili. Hakucheka.

Verlene, mimi si mtu wa kusema. Miezi yote hii nilipokuandikia "anapumzika", nilikuwa sijui neno jingine. Ukiacha ile safari ya dukani, alikuwa ameacha kutoka nyumbani. Alikuwa anakaa dirishani, na mimi najifanya natafuta kitu ili nipite pale nimwone anapumua. Sasa anatoka tena, na ndiyo kwanza naogopa zaidi. Amesema hataki nimshike mkono wakimpeleka ndani, woga wangu unamwambukiza. Anamtaka wifi yake. Mimi pia namtaka dada yangu.

Ukiweza.

Hosea


Pontiac, Michigan
9 Septemba 2009

Kaka,

Mtoto nimemrudishia mama yake, wamelia wote wawili, watazoea. Mchungaji nimemuaga. Earlene anakuja nami, amesema Purvis ajipikie aone. Tutatoka tarehe ishirini na nane na hatuna haraka, kwa hiyo usikae dirishani kama kuku anayengoja mvua.

Nitalala chumba kimoja na wifi yangu mpaka atembee. Wewe utalala sebuleni. Na tangu leo mpaka nifike, Odessa asile chochote ulichopika wewe. Nataka madaktari wamkute akiwa hai.

Verlene